Kinyozi wa Michikichi

Yowe alilopiga Dada Kitalu asubuhi ile lilimfanya jogoo wa jirani ameze kuwika kwake katikati. Mguu mmoja ulikuwa ndani ya geti la kitalu chake, mwingine bado barabarani, na mfuko wa mbolea ukamponyoka ukapasuka.

Michikichi yake yote ilikuwa imenyolewa vichwa.

Haikuwa miche ya kuuza hiyo. Mchikichi wa marehemu mama ulipigwa radi ukateketea mpaka kisikini, na kokwa alizookota chini yake ndizo alizootesha, akaibembeleza miche hadi ikamfika kiunoni. Mvua zikianza tu, angeipanda kwenye kiwanja cha mama. Uzao mwingine wa mti ule haukuwepo duniani.

Katikati ya safu, mdogo wake, kinyozi, alikuwa akifuta panga kwa taulo la kazini, uso umechanua.

"Karibu, dada! Ilikuwa hovyohovyo, huu mrefu, huu mfupi. Nimekusawazishia yote."

"Umekata moyo wa miche!"

"Nimepunguza tu. Itaota. Vichwa vingapi nimenyoa mimi, na nywele zinarudi?"

"Nywele zinasukumwa kutoka chini, mjinga wewe! Mti unakulia nchani!"

Akamshika sikio, mtu mzima mwenye upara wake, akamburuta hadi kwenye mwarobaini wa uani, kilipotundikwa kioo chake cha kunyolea.

"Msumari huu uliupigilia lini?"

"Nilipoanza kazi."

"Mti ulikuwa umefika wapi?"

"Juu kidogo ya dirisha."

"Leo umepita paa. Kioo kimepanda?"

Kinyozi akajitazama. Kioo kilikuwa palepale, usawa wa pua yake.

Dada Kitalu hakuwa amemaliza. Aliokota kichwa kimoja, akakipasua kwa kisu. Ndani kabisa, majani yalipofumbatana, palikuwa na kidonge cheupe, laini kama utosi wa kichanga.

"Hapa ndipo seli zinapogawanyika, moja inazaa mbili, mbili zinazaa nne, hazichoki. Jani, shina, vyote vinatoka hapa. Mti mwingine ukiukata kichwa una macho ya pembeni, utachipua. Mchikichi una hiki kimoja tu. Umemuua mama mara ya pili!"

"Dada, neno hilo zito."

"Nimelipunguza! Lilikuwa zito zaidi!"

Tangu hapo hakumsalimia. Majani ya chini yalibaki kijani kwa muda, kwa uongo tu, na kinyozi alikuja kila asubuhi kumwagilia, akiinama kama anayesikiliza mapigo ya mgonjwa. Mmoja ukanyauka, ukafuata wa pili, kisha karibu safu nzima.

Siku moja akapiga kelele: "Dada! Njoo!"

Mche wa mwisho, ambao panga liliupitia juu kidogo ya moyo kwa kuwa mkono ulishachoka, ulikuwa umetoa jani jipya. Ncha yake ilikuwa butu, imekatwa sawasawa kama kwa mkasi, nalo linapanda taratibu kutoka ndani.

"Ona, linasukumwa kutoka chini! Kama ny—"

"Malizia hilo neno uone!"

Kinyozi akaichukua ndoo yake.

Dada Kitalu aliubeba mche mwenyewe hadi kiwanjani kwa mama, akaupanda, akauzungushia waya wa miba mizunguko mingi kiasi kwamba hata upepo ilibidi ubishe hodi. Mdogo wake akasimama nje na ndoo.

"Niingie nimwagilie?"

"Nipitishie ndoo juu ya waya," akasema bila kugeuka. "Na mikono yako ibaki hukohuko."