Wakwe Waliopitia Mlango wa Jikoni

Mwaka huo maandamano ya Mtakatifu Isidro yalipangiwa kupita mtaani kwetu, na dada yangu Hermogena akaichagua siku hiyohiyo kupokea wakwe. Nilimwambia mapema.

"Dada Mena, mshika mawili moja humponyoka."

"Na wewe mshika moja, umeshika nini mpaka leo?" akanijibu.

Sijaolewa, na yeye hunikumbusha jambo hilo kila anapokosa hoja. Nimezoea. Ulimi wa Mena tunaujua mtaa mzima. Padri mwenyewe hufupisha mahubiri akimwona ameketi benchi la mbele.

Ulimi huo ndio uliomponza Ningning, binti yake wa pekee. Miaka miwili nyuma alichumbiwa na kijana wa benki, wazazi wa kijana wakaja kumwomba kwa adabu zote, na mama mtu akaleta keki ya mchele aliyoipika kwa mkono wake. Mena akaonja. Akasema keki ile ingefaa kuziba paa linalovuja. Wageni wakachukua kofia zao, na huyo kijana wa benki hatukumwona tena, ila labda dirishani mwa benki.

Kisha akatokea Isagani, mtoto wa wafugaji wa bata huko ng'ambo ya ziwa. Kijana mkimya, mabega mapana, anampenda Ningning mpaka anasahau kufunga kamba za viatu. Ningning alipoleta habari kuwa wazazi wa Isagani watakuja siku ya sikukuu, alimketisha mama yake chini.

"Mama, ukimfukuza na huyu sitakulaumu," alisema. "Ila sitaleta mwingine. Nina miaka thelathini na mbili, na nimechoka kuona aibu."

Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomwingia Mena. Usiku ule aliwasha mshumaa mbele ya mtakatifu akaapa kwamba wakwe hao hawatasikia kutoka kwake neno moja lenye ncha. Mimi nilikuwa shahidi. Nilimhurumia mtakatifu.

Basi siku ikafika. Mji wetu wa Kalumpitan hauna mengi. Tuna kofia ya saruji pale uwanjani, kubwa kuliko kituo cha polisi, kwa sababu babu zetu walisuka kofia. Tuna mnara wa kengele ulioinama, na huzidi kuinama kila meya anapohitaji fedha za ukarabati. Tuna chemchemi ambayo mwanamke akinywa maji yake hushika mimba. Nimeyanywa tangu utotoni na sijashika kitu ila kikohozi. Lakini siku ya Mtakatifu Isidro nyumba zote za njia anayopita huvikwa mavuno kuanzia paa hadi kizingiti, na hapo watalii humiminika kama mchwa baada ya mvua. Ukuta wetu tuliujaza maharage marefu, biringani, figili, maboga, na juu yake mashada ya kiping, yale majani ya unga wa mchele yenye rangi nyekundu na kijani, yanayopepea kila upepo ukigusa. Msichana mmoja mgeni alipiga picha akiikumbatia figili yetu. Sikumwuliza kwa nini.

Siku hiyo milango huwa wazi. Anayeingia anakula, na kumwuliza mgeni jina lake ni sawa na kumhesabia matonge. Mena hakutaka hata kuona picha ya wakwe. Isagani alipomletea simu, aliisukuma kando.

"Mkwe haangaliwi kwenye simu kama kiatu cha dukani. Niambie tu wakoje."

"Baba hasemi ovyo," kijana akajibu. "Na Mama hatembei bila mayai ya bata."

Asubuhi Isagani aliitwa kwenda kubeba sanamu ya mtakatifu pamoja na vijana wengine, maana mabega kama yale hayaachwi yakae bure. Ningning naye alitangulia na wanafunzi wake kucheza mbele ya maandamano. Nyumbani tukabaki sisi wawili, nguruwe mzima wa kuchoma, na umati.

Jua lilipokwisha kuwa kali wakaingia kwa mlango wa mbele mzee na bibi. Mzee kavaa barong, lile shati jeupe la nyuzi za nanasi, amenyooka kama mshumaa wa Pasaka. Bibi kashika kikapu cha mayai ya bata. Mena alinibana mkono mpaka nikaona nyota.

"Ndio hao," akaninong'oneza. "Funga mdomo wako." Wangu!

Aliwaketisha viti vya mbao vya marehemu mama, vile ambavyo hata sisi hatuvikalii. Akawakatia sikio la nguruwe. Akawapepea. Dada yangu, ambaye hajawahi kumpepea hata mgonjwa!

Wakati huohuo mlango wa jikoni uligongwa. Binamu yetu Kulasa wa milimani alikuwa ameahidi kututumia mtu na mkewe waje kusaidia kupika, na tangu alfajiri tulikuwa tukiwangoja. Mlangoni alisimama mwanamume mfupi mwenye gunia linalotikisika, na mwanamke aliyebeba chungu kilichofungwa kwa kitambaa.

"Hodi, mama," alisema yule mwanamume, kofia mkononi. "Mbele watu wamejaa, tukaona tupitie huku. Tumekuja kwa ajili ya…"

"Najua mmekuja kwa ajili ya nini!" Mena alimkata. "Na mmechelewa! Jua liko wapi? Mlikuja kwa kutambaa? Vaa aproni hii. Gunia lina nini?"

"Bata, mama. Zawadi."

"Vizuri. Wachinje, uwanyonyoe. Na wewe mama, sahani zile pale."

Yule mwanamume alimtazama mkewe, mkewe akamtazama yeye. Niliuona mtazamo ule nikadhani ni uvivu. Kisha akavaa aproni, akaifunga taratibu nyuma, kama mtu anayevaa nguo ya ibada.

Wahenga husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Dada yangu aliwapa jembe kabla hawajaona kiti.

Kuanzia hapo Mena alikuwa wanawake wawili. Sebuleni alikuwa asali.

"Mvua za mwaka huu si haba, baba?"

"Si haba," mzee wa barong akajibu, akitafuna.

"Mtoto akilelewa vyema, hata akihamia nyumba nyingine hawi mzigo."

"Kweli kabisa."

Ndivyo mambo haya yanavyosemwa kwetu. Hakuna anayeingia akasema nataka binti yako. Unazunguka kwa mvua, mpunga na bei ya bata mpaka jambo lenyewe lijitokeze. Mena akazunguka weee, mwishowe akauliza wanauonaje mwezi wa kwanza.

"Ah, mwezi wa kwanza ni mzuri," bibi akasema. "Joto halijawa kali."

"Basi tumeelewana!" Mena akapiga makofi. Mzee, mdomo umejaa, akaitikia kwa kichwa. Nani atabishana na anayemlisha?

Halafu Mena alivuka pazia kuingia jikoni, na ulimi wote aliokuwa ameufungia sebuleni ukatoka kwa pamoja.

"Bata gani huyu! Umemnyonyoa au umemchana nywele? Wewe mzee una mikono au una miguu minne? Na wewe mama, sahani haioshwi kwa kubembelezwa, si mchumba wako! Kulasa amewaokota wapi nyie?"

"Kulasa ni nani?" mwanamke akauliza kwa upole.

"Ona! Hata aliyewatuma hamumjui!"

 Yule mwanamume alikoroga tambi, akapasua kuni, akateka maji ndoo baada ya ndoo, jasho likimtiririka. Mara moja tu nilimsikia akimwambia mkewe, "Vumilia, Sabel. Ni kwa ajili ya mtoto." Nikafikiri wana mtoto wanamlipia karo. Nikawapa kipande cha nguruwe kwa siri, na mwanamke yule alinishukuru kwa macho nisiyoyasahau.

Ngoma za maandamano zilipokaribia, boga kubwa kuliko yote likaanza kuning'inia upande mmoja pale ukutani, juu ya mlango wa mbele. Mena akakimbilia jikoni kwa yule mwanamume.

"Wewe! Panda ngazi ulishike kabla halijamwangukia mtakatifu! Haraka, usipande kama mjamzito!"

Mzee wa watu akapanda na aproni yake. Akalikumbatia boga kwa mikono miwili. Na hivyo ndivyo mtakatifu alivyomkuta. Kwanza alipita Ningning na wanafunzi wake wakicheza na kofia. Akainua macho, hatua ikamponyoka. Nyuma yake wakaja wabebaji, na mbele yao Isagani, ubao wa kubebea sanamu begani. Naye akainua macho.

"Baba?"

Bega likashuka. Mtakatifu Isidro na jembe lake wakainama kuliko mnara wa kengele. Wanawake wakapiga kelele, vijana wakamdaka, watalii wakapiga picha.

"Baba! Unafanya nini huko juu?"

"Beba mtakatifu vizuri!" baba yake akamjibu kutoka kwenye ngazi. "Mimi ninatumika."

Mena alikuwa amesimama karibu nami kizingitini. Alimtazama mzee wa ngazini. Akageuka akamtazama mzee wa barong, aliyekuwa ametoka kushuhudia na mguu wa nguruwe mkononi.

"Na wewe ni nani?" akauliza. Swali hilo halijawahi kuulizwa nyumbani kwetu siku ya sikukuu tangu nyumba ijengwe.

"Daktari wa meno, mama, kutoka Manila," mzee akasema. "Mayai tumeyanunua sokoni, tukaona mlango wazi. Chakula chako ni kitamu sana."

Tuliingia ndani wote. Isagani alikabidhi ubao wake kwa mwingine akaja anahema. Ningning alisimama katikati ya sebule, kofia ya kuchezea mkononi, akimtazama mama yake. Nilimpenda mtoto yule nikatamani ardhi inimeze badala yake. Mama Sabel alitoka jikoni akipangusa povu la sabuni, chungu chake cha mayai ya bata kwapani, na mumewe, Mzee Teodulo, akaja na manyoya ya bata kwenye nyusi.

"Baba, kwa nini hukusema?" Isagani akauliza.

"Niseme nini? Mimi nilimtumikia babu yako mwaka mzima na zaidi kabla hajanipa mama yako. Kuteka maji, kupasua kuni, kutukanwa. Ndivyo ilivyokuwa. Nikajua watu wa Kalumpitan wanashika mila kuliko sisi, kwamba kwao hata wazazi wanatumika." Akamgeukia Mena, na sauti yake ilikuwa ya heshima tupu. "Kazi imekwisha, mama, au ipo nyingine?"

Mena alishika pazia la jikoni kama anayetaka kujificha nyuma yake. 

"Mimi sijachukia," Mama Sabel akasema. "Mama mkwe wangu alinichekea miaka kumi ndipo nikamjua. Wewe nimekujua kabla ya chakula cha mchana. Yaliyobaki ni faida."

Daktari wa meno alicheka peke yake, mkewe akamfinya.

Ndipo Mzee Teodulo aliposimama mbele ya dada yangu, akashusha mikono, akasema maneno yenyewe bila kuzunguka kwa mvua wala mpunga. Walikuwa wamekuja kumwomba Ningning awe mke wa mwana wao. Kama wamefanya kazi vibaya, adhabu iwe yao, isiwe ya watoto.

Sote tukamgeukia Mena. Kwetu mama akiulizwa hivyo akanyamaza, amekataa, na mgeni anachukua kofia yake. Na Mena alinyamaza. Machozi yalimlengalenga, lakini ule ulimi, ulimi uliomfupisha padri, ulikuwa umekauka kwa aibu. Nikamkanyaga mguu. Bado. Ngoma zilisikika zikienda mbali mtaa wa chini. Mzee Teodulo alingoja, akangoja tena, kisha uso ukamwanguka, akatafuta kofia yake kwa macho. Isagani akashika mkono wa Ningning. Ningning akautoa mkono wake polepole, kama mtu aliyekwisha kujua.

Nikamkanyaga tena, kwa kisigino.

"Unakwenda wapi?" Mena akafoka ghafla, na kioo cha kabati kikatetemeka. "Keti! Mkwe gani wewe, unamwombea mwanao mke umesimama kama mtoza ushuru! Umezikoroga tambi zangu zikawa gundi, bata umewaacha na manyoya ya kushonea mto, halafu unataka kukimbia? Harusini hugusi kitu, umenisikia? Harusini nitawanyonyoa mwenyewe!"

Watu wakadhani mambo yameharibika. Ningning peke yake ndiye aliyelisikia lile neno harusini. Aliketi sakafuni palepale, akaificha sura yake ndani ya kofia, akalia kwa sauti, na Mena akaketi kando yake akamshika kichwa. Mzee Teodulo alivuta kiti kimoja cha marehemu mama, akaketi.