Hoteli Inayopenda Watoto

Fuatino hakuwa mtu wa uongo. Alikuwa mwalimu wa darasa la pili mjini Apia, Samoa, na kanisani ndiye aliyefundisha kwaya ya watoto. Ila safari hii alikuwa amekusudia kuudanganya ukoo mzima wa baba yake, na hakuona haya hata kidogo.

Alikuwa anakwenda Melbourne na bintiye Peata, mtoto wa miaka mitano, kumfuata mumewe aliyekuwa akifanya kazi huko kwenye ghala la matunda. Ndege ingewashusha Auckland asubuhi na kuwachukua tena kesho yake mchana. Sasa, Msamoa akipita Auckland halali hotelini. Ana ndugu. Fuatino alikuwa na Shangazi Sieni, dada mkubwa wa baba yake, aliyekaa Mangere, pembezoni mwa Auckland, kwenye nyumba ya vyumba vitatu yenye wakazi ambao hakuna aliyewahi kuwahesabu akapata jibu lilelile mara mbili. Mara ya mwisho alipofikia pale alilala mkekani katikati ya watoto wenye mafua, akapelekwa kanisani asubuhi na jioni, akamenya viazi vya taro mpaka vidole vikamwasha, na mikeka mizuri aliyokuwa anampelekea mama mkwe ikabaki Mangere kwa namna ambayo mpaka leo hajaielewa.

"Safari hii nataka kupumzika," alimwambia mumewe kwenye simu. "Mimi na mtoto tu. Tuoge, tulale, tuondoke."

"Na Shangazi?"

"Shangazi atajuaje?"

Mumewe alicheka hadi simu ikakatika, na Fuatino hakumpigia tena siku ile.

Hoteli aliitafuta kwa wiki kadhaa, usiku Peata akishalala. Hii ilikuwa mbali na bustani, ile haikutaka watoto, nyingine ilikuwa juu ya baa. Mwishowe akaipata moja katikati ya jiji. Kwenye picha palikuwa na mtoto wa kizungu aliyejifunika taulo lenye masikio ya sungura, anacheka meno yote nje, na chini yake maneno: *Sisi tunapenda watoto.* Kulikuwa na bwawa, chumba cha michezo, na kitanda kidogo cha mtoto bila malipo ya ziada. Fuatino alimwonyesha Peata picha ile kila siku, kama dawa.

Walipofika, msichana wa mapokezi aliwapokea kwa tabasamu lililokuwa limeshavaliwa tangu alfajiri.

"Bwawa liko wapi?" Peata aliuliza kabla mama yake hajaweka begi chini.

"Bwawa liko juu, mpenzi. Ila watoto wanaogelea asubuhi tu, saa moja hadi saa mbili. Mchana ni la wageni wanaohitaji utulivu."

"Na chumba cha michezo?" Fuatino akauliza.

"Kinatengenezwa, mama. Poleni."

"Kitanda cha mtoto?"

"Tunacho kimoja, na leo kimechukuliwa. Lakini tuna zawadi!" Msichana akainama chini ya meza, akaibuka na penseli za rangi na karatasi ya kuchora. Karatasini kulikuwa na picha ya mtoto anayeogelea kwenye bwawa.

Chumba kilikuwa juu sana, cheupe kila mahali, dirisha halifunguki. Fuatino alivua viatu, akajilaza, akafumba macho. Kimya. Hakuna anayemwita aje akune nazi. Aliona amefika peponi, na akakaa huko kwa muda wa kutosha kupiga miayo miwili. Kisha Peata akaanza kuimba. Alikuwa mtoto wa kwaya, hakujua kuimba kwa kunong'ona. Ubeti wa kwanza haujaisha, ukuta ukagongwa. Wa pili haujaanza, simu ya chumbani ikalia: ni yule msichana wa mapokezi, anasikitika sana, wageni wa jirani wamelalamika, je, mtoto angependa karatasi nyingine ya kuchora?

"Mama," Peata alisema baada ya kunyamazishwa, "watoto wako wapi?"

"Watoto gani?"

"Hawa wanaopendwa."

Fuatino alimchukua mwanawe wakashuka kutafuta maji ya moto ya kuloweka tambi za pakiti, maana bei za chakula cha pale alikuwa ameziona na kuzifunika haraka. Mlangoni mwa lifti wakakutana na mbeba mizigo, mwanamume mpana aliyebanwa na sare, kifuani ameandikwa Tavita. Alimtazama Fuatino, akamtazama tena, kisha akauliza kwa Kisamoa, "Dada yangu, kwenu wapi?"

"Mimi Mtonga," Fuatino akajibu, akijihamishia visiwa vya jirani. Alijibu kwa Kisamoa safi, na alipogundua hivyo maneno yalikuwa yameshatoka.

Tavita aliitikia kwa kichwa, kwa heshima zote. "Kumbe. Tonga kuna Kisamoa kizuri siku hizi."

"Mama," Peata akasema, "si sisi wa Faleasiu?"

"Faleasiu!" Tavita uso ukang'aa. "Mke wangu yuko kwaya moja na mama wa Faleasiu, kule Mangere. Mama Sieni. Labda unamfahamu, dada, wewe Mtonga?"

"Simfahamu."

"Bibi Sieni!" Peata alirukaruka. "Ana mbwa mwenye miguu mitatu!"

Maji ya moto walipata. Saa moja baadaye, Peata akiwa bado anazichezea tambi, simu ya chumbani ikalia tena, na safari hii haikuwa ya mapokezi.

"Fuatino, mwanangu," sauti ya Shangazi ilikuwa laini kama tui. "Uko Apia?"

"Shangazi! Ndi... niko safarini kidogo."

"Nimeambiwa kuna mwanamke hapa mjini mnafanana kama mapacha. Nikasema, haiwezekani. Fuatino wangu apite Auckland asinione? Mtoto niliyemfuta kamasi kwa mkono huu? Nikamwambia Tavita, mwanangu, huyo ni Mtonga tu, mwache."

"Shangazi, nisikilize..."

"Kwa hiyo nimekuja nimwone huyo Mtonga. Niko hapa chini. Chumba namba ngapi?"

Aliingia akihema, kanga ya maua kiunoni, ua sikioni, chungu cha majani ya taro na nyama ya kopo mkononi kimefungwa kwa taulo. Peata akamrukia. Fuatino alisimama kando ya kitanda kama mwanafunzi aliyekamatwa na kamusi ya mwenzake, akingoja. Alijua kitakachofuata: kilio, majina ya marehemu, na kwamba baba yake angekuwa hai angejificha kwa aibu.

Badala yake Shangazi alikwenda bafuni, akafungua bomba, akalifunga. Akaubonyeza mto. Akakaa kitandani, akarudi nyuma taratibu mpaka akawa amelala chali, viatu vyake vinaning'inia.

"Kimya hiki," alisema, "kinakuwa hivi siku nzima?"

"Ndiyo, Shangazi. Mtoto asipoimba."

"Mwanangu, mimi nimelea watoto saba. Sasa nalea watoto wao. Asubuhi nikifunga mlango wa choo, kuna mtu anauliza nitatoka lini. Tangu mume wangu anioe, sijalala chumbani peke yangu, na alinioa kabla hujazaliwa." Alifumba macho. "Hoteli hii inapenda nini?"

"Watoto, Shangazi. Wanasema hivyo."

"Basi leo iwapumzishe watoto, inipende mimi."

Ndivyo ilivyoamuliwa, na Fuatino hakukumbuka kuulizwa. Shangazi alipiga simu nyumbani. Sauti yake ilibadilika, ikawa ya mtu anayebeba mzigo wa watu wote. Alieleza kwamba Fuatino na mtoto wanakuja kula na kulala nyumbani kama inavyotakiwa, ila mizigo yao ya Melbourne iko hotelini, na mji huu una wezi, hivyo yeye, Sieni, na mgongo wake mbovu, atabaki kuilinda.

"Lakini nimelipia, Shangazi," Fuatino alijaribu kwa sauti ndogo.

"Na Mungu atakulipa. Gari linakuja. Niachie hizo tambi."

Jioni ile Mangere palikuwa vilevile. Peata aliimba beti zote na hakuna aliyegonga ukuta, kwa kuwa waliokuwa nyuma ya ukuta walikuwa wanaitikia. Alikimbizana na mbwa na binamu zake mpaka akaanguka na kulala palepale alipoangukia. Fuatino alimenya taro. Kwenye sala ya jioni, mume wa Shangazi, mzee mtaratibu wa maneno machache, aliomba kwa kirefu kuliko kawaida yake. "Mlinde, ee Bwana, mama yetu, ambaye usiku huu amejinyima kitanda chake kwa ajili ya mali ya wengine." Wote wakasema amina. Fuatino naye akasema amina, akiuma shavu kwa ndani. Halafu akapewa mkeka, kati ya mtoto anayekohoa na mwingine anayepiga mateke, akalala kama gogo, jambo lililomuudhi sana alipoamka.

Uwanja wa ndege walikuja wote kuwaaga, magari matatu. Shangazi alifika kwa teksi na mizigo yao, ngozi inang'aa, nywele zinanukia sabuni isiyo ya nyumbani.

"Pole, mama," mumewe alimwambia. "Umelala kweli?"

"Kidogo sana," Shangazi akajibu, akijishika mgongo. "Kulinda mali si mchezo."

Binti zake wakambebea mkoba. Mjukuu mmoja akamletea kiti. Shangazi akamvuta Fuatino kifuani, akamkumbatia kwa nguvu, akamkandamizia mdomo sikioni.

"Mnarudi lini?"

"Krismasi, Shangazi."

"Hoteli ileile," Shangazi akanong'ona. "Uchukue siku mbili. Na begi uje nalo kubwa, lionekane lina vitu."