Marehemu Haricharan Dhar

Saa nne asubuhi, Jumanne moja ya Februari 1927, Sukhendu Dhar aliitwa kwenye chumba cha usaili mjini Delhi. Upande wa pili wa meza walikaa watahini watano. Mitihani ya kuandika alikuwa ameimaliza Allahabad mwezi uliotangulia, hisabati, historia ya Uingereza, mashairi ya Kiingereza na insha, na alijua ameifanya vizuri. Yalibaki mazungumzo. Nayo yalikuwa na alama zake, na yaliweza kumtupa nje kijana aliyefaulu mengine yote. Nafasi zilikuwa chache. Aliyepata moja angepelekwa Uingereza kusoma, kisha angerudi Bengal kuwa hakimu na mtoza kodi, na Waingereza wangempa mkono.

Mtahini mwenye masharubu meupe alilisoma jina lake mara mbili.

"Dhar, wa Bishnuganj. Niliwahi kuwa mkuu wa wilaya pale. Nilikuwa na tarishi aitwaye Dhar, mtu mwaminifu sana. Alikuwa akinibebea bunduki tukienda kuwinda bata. Ni jamaa yako?"

"Hapana, bwana."

"Na baba yako anafanya kazi gani?"

Kwenye maombi Sukhendu aliandika kwamba babake ni mtumishi wa serikali, na hilo lilikuwa kweli. Lakini sasa mzee alikuwa akimtazama na kutabasamu, na wenzake wanne walikuwa wameinua vichwa.

"Alifariki, bwana. Nikiwa mdogo."

"Oo, pole sana," mzee akasema, na alisema kwa dhati. Wakaendelea na bei ya juti.

Sukhendu alifika nyumbani kwa stima siku ya Jumamosi. Mamake alikuwa amevaa sari nyeupe isiyo na pindo, vazi la mjane. Rangi nyekundu ya mwanamke aliyeolewa ilikuwa imefutwa kwenye mpasuo wa nywele zake, na mikono yake ilikuwa mitupu. Babake, Haricharan, alikuwa barazani kwenye mkeka, akivuta tumbaku.

"Ilikuwa Jumanne," akaeleza shangazi Khiroda, dada wa Haricharan. "Mamako anakata samaki, mara bangili zake za ndoa, zile za kombe, zikapasuka, zote mbili, wala hazikugonga kitu. Nikamwambia, wifi, huyo ni mumeo."

"Mimi nilikuwa ofisini," akasema Haricharan. "Karani mkuu ananiita, ananiambia, Haricharan, umekufa, rudisha mkanda wa utarishi. Nikauvua, nikaurudisha. Na asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimeisugua ile beji yake ya shaba mpaka inang'aa!"

"Uliumia, baba?"

"Sikusikia kitu. Kaa ule, Khoka."

Khoka ndilo jina lake la nyumbani. Alikaa akala. Hakuna aliyemuuliza habari za Delhi.

Jioni alikuja kuhani Bhattacharya, akamshika Haricharan kifundo cha mkono, akamwangalia kope, akanawa.

"Kuna kifo cha homa, na kuna kifo cha nyoka," akasema. "Hiki ni cha kusemwa. Kina dawa. Aliyesema arudi aseme tena, mbele ya walewale waliosikia, na mtu wenu ataamka. Matanga yanaweza kungoja."

Wote wakaangalia sakafu, ili wasimwangalie Sukhendu.

Basi matanga yakangojwa. Haricharan aliishi kama marehemu wanavyoishi. Wali wake uliwekwa nje, kwenye jani la mgomba. Kinyozi alimpita, kwa kuwa ndevu zake hazikuota tena. Sokoni muuza samaki alimkataza kwa adabu.

"Kaka Haricharan, wafu hawachagui samaki. Utanifukuzia wateja."

"Nilikuwa naangalia tu."

"Aa, angalia, kaka. Kuangalia ruhusa."

Mamake Sukhendu ndiye aliyepata shida ya mdomo, maana mjane wa Kibengali haonji samaki mpaka afe. Shangazi Khiroda alikuwa mjane tangu utotoni na hakuikumbuka ladha yenyewe.

"Karibu kwenye dengu, wifi," akamwambia. "Tena wewe una bahati. Mimi wangu alichomwa kule mtoni. Wako huyo hapo, anajikuna mgongo."

Walicheka wote wawili, mpaka mama akajifunika uso kwa ncha ya sari.

Mwezi Machi Sukhendu alisema angoje matokeo kwanza. Matokeo yalikuja kwa simu ya maandishi, akawa amechaguliwa, na alama zake za mazungumzo zilikuwa za juu kuliko zote alizopata. Majirani walipuliza kombe kwa shangwe. Haricharan aliwagawia peremende, na watu walizipokea kwa mkono wa kulia, wakisema marehemu angefurahi sana.

"Nimefurahi," alijibu.

Kisha Sukhendu alisema angoje aitie sahihi mikataba. Akaitia. Mvua zikaanza, na samaki waitwao ilish wakapanda mtoni, wanene, wenye mayai. Mama alimpikia mwanawe kwa haradali, kama alivyompikia kila mwaka. Safari hii chumvi ilizidi, kwa sababu mpishi hakuweza kuonja. Sukhendu aliwala samaki wote na kulamba vidole. Mama alikuwa amekaa mbele yake, akipunga nzi.

"Khoka, Delhi ni mbali?"

"Mama, wakijua nilidanganya, wataniondoa."

"Sikukuuliza hilo. Nimeuliza kama ni mbali."

"Siku mbili."

"Aa," akasema mama. Akaondoa sahani.

Haricharan alikuwa amesikia kutoka barazani. "Mwache mtoto, Mama Khoka," akasema. "Maisha yangu yote nimefungulia watu milango. Yeye atafunguliwa. Mimi nimezoea kukaa nje."

Sukhendu alinawa mikono kwa muda mrefu. Asubuhi alikwenda kwa Bhattacharya, akamwambia kwamba meli yake ya Uingereza inaondoka Bombay mwezi ujao, na kwamba mtoto hawezi kuvuka bahari akamwacha babake bila matanga.

"Hawezi," kuhani akakubali. Akataja vitu vya kununua.

Siku ya matanga kinyozi alimnyoa Sukhendu kichwa chote, uani. Aliyemshikia kioo alikuwa Haricharan.

"Nyuma ya sikio pamebaki," akasema Haricharan. "Inamisha kichwa, Khoka. Hivyo."

Sukhendu alivaa shuka nyeupe akaketi mbele ya moto. Kuhani alimpa tonge la wali na ufuta, akamwagiza alitaje jina la aliyekufa kwa sauti, na aseme ni nani wake. Sukhendu akalibinya tonge. Kuhani akamwagiza tena.

"Haricharan Dhar," akasema Sukhendu. "Baba yangu."

"Huzur, bwana!" aliitika Haricharan. Alikuwa amekwisha kusimama, visigino vimebanana, mikono ubavuni, kama tarishi anavyosimama afisa akigonga kengele.

Hakuna aliyecheka. Bhattacharya alimwonyesha kwa kidevu asogee. Haricharan alisogea mbele ya mwanawe, akalipokea tonge kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akala. Alikula matonge yote, punje kwa punje. Kuhani akatangaza kwamba marehemu ameridhika, na wageni wakapakuliwa.

Stima iliondoka alasiri ileile. Mama na shangazi walibaki ukingoni, wote wawili wamevaa nyeupe. Kuli alitaka kulichukua sanduku, Haricharan akamzuia, akajitwika mwenyewe mpaka kwenye ubao wa kupandia. Sukhendu alikuwa nyuma yake, amevaa kofia kuficha upara. Haricharan alilitua sanduku ndani ya stima, akarudi, akasimama kando ya ubao, akainama kumpisha.

Sukhendu alipita.