Ndege Isiyopoteza Abiria

Epifania alikuwa akikatia ng'ombe mgomba, huko Kibosho, ndege kubwa ya abiria ilipotua kihambani kwake, shamba la ukoo lililozunguka nyumba. Ilikuwa ya zamani, yenye injini tatu mkiani, na ilijipenyeza kati ya migomba na mibuni bila kuvunja tawi. Alisogeza ndoo ya maziwa isiingie vumbi, akaendelea kukata.

Majirani walijaa upesi. Ya kale dhahabu: wazee walipapasa viti vyake vipana, vijana wakapiga selfi chini ya bawa. Jirani yake Leonce, aliyewahi kuipanda ujanani, aliwaeleza kwamba tangu iundwe haijapoteza abiria hata mmoja. Wakaipenda zaidi. Nani asiyependa kufika?

Epifania hakuwa na nafasi ya kupenda chochote. Ndani, binti yake Salvina alikuwa na uchungu tangu jana na mtoto hatoki. Barabara ya hospitali ilichukuliwa na mvua za mwaka juzi, ikaachwa hivyo, na gari halipandi. Basi wakambeba Salvina kwa machela ya magunia, wakamlaza ndegeni kwenye viti vitatu.

Mhudumu akaja, msichana mwenye kofia ndogo na glavu nyeupe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Tupelekeni hospitali mjini, mwanangu. Huyu atanifia."

"Ndiyo sababu hatumchukui, mama. Akifia humu, tutakuwa tumepoteza abiria."

"Si ndiyo maana tumewakimbilia! Hamjapoteza mtu!"

"Hatujapoteza kwa kuwa tunachagua, mama. Pole sana."

Alimfunika Salvina blanketi zuri, akasaidia kumshusha ngazi kwa adabu zote. Epifania alipiga magoti, akaomba, akatukana, akaomba tena. Ndege ilitulia tu, iking'aa.

"Kila kazi ina utaratibu wake, Mama Salvina," alisema Leonce, na wala si mtu mbaya. Yeye ndiye aliyeshika machela upande wa mbele, wakateremka kwa miguu.

Salvina alikata roho korongoni, mapaa ya hospitali yakionekana ng'ambo. Mtoto akaenda naye.

Walimzika kihambani, karibu kabisa na tairi, maana nafasi nyingine haikubaki. Kesho yake asubuhi Epifania alikuta mlangoni jani la isale lililopigwa fundo, likinuka mafuta ya ndege. Kwa Wachagga, anayeletewa isale hana ruhusa ya kukataa kusamehe, hata iwe damu imemwagika. Alisimama hapo mpaka ng'ombe akaanza kulia njaa. Moyo wake ulikataa, ukakataa kabisa. Mikono ikalipokea.

Barabara haikutengenezwa. Jumamosi ndege ilipakia wenye afya zao, Leonce akiwamo, kwenda harusini Dar es Salaam. Ilipopita juu ya paa la Epifania, abiria walimpungia kutoka madirishani, na kwa kuwa alikwisha kusamehe, ilimbidi naye apunge mkono.