Majini ya Memsabu

Bwana Mahmud alikuwa na maradhi ambayo waganga wa kisiwa cha Amu hawakuyajulia dawa: hakuweza kumwambia Mzungu "la". Koti lake jeusi, alilolivaa juu ya kanzu hata jua likiwa la utosi, lilikaa msumarini tayari kwa wito wa ofisini kwa Bwana DC, mkuu wa wilaya. Basi siku mke wa Bwana DC alipokuja kumtembelea, Mskochi mrefu aliyekitamka Kiswahili kama anayetafuna mfupa, akaeleza kuwa mwisho wa Oktoba kwao kuna sikukuu iitwayo Halowini na kwamba alitaka kuipamba nyumba yake kwa mizimu, mafuvu na wachawi waliotengenezwa kwa takataka za nyumbani, Mahmud aliitikia kabla hajamaliza.

"Tutafanya, Memsabu. Usitie shaka."

Khairiya, mkewe, aliyasikia hayo akiwa nyuma ya pazia. Miaka ya ndoa ilikuwa imemfunza kwamba mumewe akisema "tutafanya", mfanyaji ni yeye.

"Mizimu?" Bi Hadia, mama yake Mahmud, aliuliza mgeni alipokwisha kwenda. "Si juzi tu walitukataza ngoma ya pepo, wakasema ni ujinga?"

"Yetu ni ujinga, mama," Mahmud alimfahamisha kwa upole. "Yao ni ustaarabu."

Khairiya akaingia kupekua vitu vibovu chini ya ngazi. Chandarua kilichooza kikawa utando wa buibui. Vifuu vya nazi vilikuwa na macho yake tayari. Akavichorea meno kwa chokaa, vikawa mafuvu. Makumbi yakawa nywele za wachawi, na debe la mafuta ya taa likatobolewa mdomo wa kucheka. Palipotakiwa shuka nyeupe za kuvika mizimu, Bi Hadia aligoma kutoa ile aliyojiwekea: sanda ni sanda, na yake haikuwa ya kuchezewa na Mzungu. Khairiya akafumua mifuko ya unga, akaifua na kuianika, ila maandishi yalikataa kutoka, na kila mzimu ukabaki umeandikwa kifuani UNGA SAFI. Boga nalo lilitakiwa likombwe ndani na kutiwa taa. Alilikomba, kisha nyama yake akaipika kwa tui zito. Hilo ndilo jambo pekee la Halowini lililompendeza Bi Hadia.

Mwanzo Khairiya aliifanya kazi ile kwa kununa. Lakini alipokuwa akimshonea mchawi pua, alijikuta akicheka peke yake. Tangu utotoni alishona kofia za vito, vile vitundu vya kudarizi, tundu baada ya tundu, nzuri, za kupamba vichwa vya wanaume. Hakuwahi kuruhusiwa kutengeneza kitu kibaya kwa makusudi.

Punda alipopitishwa mjini na mzigo ule kwenda kwa Memsabu, mkeka uliofunika ukateleza. Mafuvu yakachungulia njiani. Mwuza kahawa aliliacha dele lake njia panda akakimbia, na kabla ya adhuhuri kila mtaa ulikuwa na habari kwamba Mahmud anafuga majini. Msikitini safu ilimkimbia kulia na kushoto.

"Si kazi yangu!" aliwaambia watu walipotoka. "Ni ya mke wangu. Wanawake mwawajua."

Jirani hakuchelewa kumfikishia Khairiya maneno hayo. Khairiya aliendelea kuchambua mchele.

Alasiri ya sikukuu, Wazungu walijaa uani kwa Bwana DC. Khairiya na mama mkwe wake walikaribishwa chai chumba cha juu, nyuma ya madirisha ya mbao. Chini Memsabu alimwinua mchawi mmoja juu, akauliza fundi ni nani.

Mahmud alitazama huku na huku. Hakumwona hata mmoja wa msikitini kwake.

"Ni mimi, Memsabu."

"Juzi kazi ni ya mkewe, yeo amekuwa fundi?" Bi Hadia alinong'ona. "Mwanangu huyo hajui hata kutia uzi katika sindano."

Memsabu alifurahi, akapiga makofi. "Basi tengeneza mmoja hapa, sisi tuone!"

Vikaletwa gunia, makumbi, kipande cha chandarua na sindano kubwa ya magunia. Mahmud aliinua macho kuelekea madirishani. Khairiya alimwonea huruma. Angeweza kutuma neno kwamba anaitwa nyumbani. Kisha akakumbuka "wanawake mwawajua", akajimiminia kikombe kingine.

Mahmud alishona huku akitoka jasho. Alishona gunia, akashona chandarua, na bila kujijua akalishona koti lake humo humo. Aliposimama kutoa heshima, jini likasimama naye. Akaruka nyuma, nalo likaruka. Akapiga mbio kuuzunguka ua akiburura lile debe la mdomo wa kucheka lililomnasa mguuni, makumbi yakipepea, akisoma Ayatul Kursi kwa sauti. Bibi mmoja wa Kizungu alizirai kwelikweli. Memsabu alicheka hadi machozi, akaapa kwamba hata kwao Skochi hajaona mzimu kama ule.

Mahmud alirudi nyumbani ameshonwa vivyo hivyo.

"Khairiya, nifungue."

Khairiya aliushika mkasi, hakukata. "Ile kazi ya Memsabu ni ya nani?"

"Ni yako."

"Na hii?"

"Hii ni yangu," alisema kwa sauti ndogo.

Khairiya akamkatia nyuzi taratibu, bila kuliharibu koti.

Sikukuu ilipokwisha, Memsabu alirudisha mizimu yote, na mjini hapakuwa na aliyeitaka karibu. Fadhil, kaka yake Khairiya, akaivusha bahari hadi shambani kwake Kililana, ifukuze tumbili kwenye mahindi. Khairiya alipokwenda kumtembelea, alimkuta tumbili amekaa begani mwa mchawi, anabangua hindi kwa raha zake.

"Hawaogopi hata kidogo," Fadhil alilalamika. "Umewatengenezea viti."

Khairiya alicheka sana. Kisha akaketi kivulini, akaomba gunia kuukuu na uzi, akaanza kushona mchawi mwingine mwenye sura mbaya zaidi.