Zamu Baada ya Ngano

"Panda tena," alisema mganga Leonidas.

Yunisi akapanda tena kwenye mizani ya zahanati. Jirani yake Dina alikuwa amempakatia mtoto. Mshale ulitetemeka, ukasimama chini kuliko mwezi uliopita.

"Umekula ngano."

"Sijala, mganga."

"Chapati?"

"Kijijini hapa chapati naitoa wapi?"

"Uji wa msaada, basi."

"Sijagusa! Wanangu wakila, mimi nakaa pembeni na chungu changu."

Leonidas akacheka kwa pua. "Mama, mdomo unaweza kunidanganya. Mizani haiwezi."

Mvua zilikataa mwaka ule, na kijiji kizima cha ujamaa kiliishi kwa ngano ya msaada. Yunisi peke yake, kwa neno la Leonidas, alipimiwa mtama, maana daktari wa hospitali alisema tumbo lake halitaipokea ngano maisha yake yote.

"Mwezi ujao ukishuka tena," alisema Leonidas, "mtama huo nampa anayefuata masharti."

Yunisi akampokea mwanawe kwa Dina, naye akalinyonya titi kavu na kuliachia kwa kilio.

Kwenye mashine ya kusaga foleni ilikuwa ndefu. Dina, aliyeacha debe lake la ngano kwenye foleni tangu asubuhi, alikuwa anamalizia kusaga.

"Dada Yunisi, njoo upesi! Nyuma yangu hapa!"

"Kila siku yeye!" wanawake wakapiga kelele.

"Mgonjwa huyu. Nyie mna nyama mwilini, subirini."

Zamu hiyo iligombewa. Mashine haikosi kubakiza unga tumboni, na wa nyuma ndiye anayeongezewa. Tangu Yunisi augue, Dina alimshikia nafasi hiyo kwa upendo. Yunisi akamimina mtama wake mwekundu, akainama kukinga.

Unga ukatoka mweupe. Ukatoka mweupe kwa muda, ndipo ukaanza kuwa mwekundu.

"Mungu wangu. Zima! Mathayo, zima!"

"Nizime dizeli kwa vikombe viwili vya unga?" Mathayo, msagaji, alifoka.

"Ni ngano hii! Kesho nisagie wa kwanza, kabla ya ngano."

"Wa kwanza ni katibu. Kila siku."

Dina alishika mdomo. "Dada, mimi nilijua nakuongezea."

"Najua, mdogo wangu. Hata mimi nilikuwa nashukuru."

Alirudi zahanati mbio. Leonidas alikuwa anafunga mlango.

"Mganga, ni mashine! Inabakiza ngano."

"Leo mashine. Kesho utasema upepo." Alizungusha ufunguo. "Mimi nimeagizwa kuuliza unachokula, mama, si unaposagia."

Yunisi alimfunga mtoto mgongoni, akashika njia ya mahame, kule walikohamishwa na operesheni ya vijiji na kukatazwa kurudi. Paa la nyumba yake lilikuwa limeanguka, lakini jiwe la kusagia lilikuwa palepale, na kijiwe chake cha mkononi juu. Akalifuta kwa khanga. Akajitwisha kwa shida, akipiga goti kwanza.

Katibu alimwona akipita mbele ya ofisi.

"Wewe! Tumeleta mashine, wewe unaturudishia ujima? Weka chini hilo jiwe!"

"Shikamoo, katibu."

"Nimesema weka chini!"

"Nikiliweka," alisema Yunisi, bila kupunguza mwendo, "nani atanitwika tena?"