Jani Lisilokataliwa

...asipepese macho, akipepesa watadhani analia, na Elisifa hakuja kikaoni kulia, amekuja kusikiliza wanaukoo watasema nini kabla ya kesi ya kesho, na sasa mdogo wake Anaeli amempigia magoti sebuleni kwa marehemu mama yao, amenyoosha mkono, jani la isale limelala kiganjani, bichi kabisa, kalikata wapi kama si kwenye uzio wa kihamba hiki hiki, shamba la ukoo, anachotaka kumtoa, loo, Anaeli jamani... "Dada, nisamehe," anasema, "ifute kesi, tuyamalize humu ndani," na machozi yanamtoka, ya kweli, maana anamjua, alimbeba mgongoni alipougua surua, usiku kucha akimwimbia, mtoto mwenyewe hana hata ubaya wa kutosha kumchukia, ana watalii tu kichwani, wapanda mlima watalala wapi, vijumba vya wageni vitakaa wapi, migomba ing'olewe wapi... "Pokea, mwanangu," ni sauti ya baba mkubwa Elifuraha, "isale halikataliwi," na shangazi Eunike anaitikia mhm, halikataliwi, kana kwamba yeye Elisifa kazaliwa Tanga, nani Marangu asiyejua kwamba ukiletewa isale umeshasamehe, upende usipende, na ukilikataa umejitenga na watu, hata msiba wako majirani wataupita njiani kama hawauoni... yule binti mwanasheria hakulisema hilo, alikuja pale kata na miwani yake na kucha nyekundu, akawaambia mtoto wa kike na wa kiume ni sawa mbele ya sheria ya ardhi, na si jana wala juzi, tangu mwaka tisini na tisa, kina mama wakapiga vigelegele, wakanywa soda, na Elisifa ndiye aliyepiga makofi kuliko wote, akauliza kesi inafunguliwaje, hakuuliza akishinda asubuhi atamsalimia nani. Tisini na tisa! Mwaka huo alikuwa bibi harusi, sheria ilikuwepo na hakuna aliyemnong'oneza, mume alipomfukuza akarudi na binti yake Kindness mgongoni, baba akatazama pembeni, mama ndiye aliyesema chumba chako kipo, basi, chumba, si shamba, na kutoka siku hiyo akawa anateremka tambarare kukata majani ya ng'ombe, anapanda nayo kichwani mpaka shingo inakufa ganzi, anamwogesha mama, anamlisha mtori kwa kijiko, Anaeli anapiga simu kutoka Arusha, mama hajambo, dada? Mungu akubariki dada... baraka zenyewe ndizo hizi... wifi yake Monica anakohoa kikohozi cha kumharakisha, pipa la pombe ya mbege liko tayari uani, wameshaandaa na sherehe ya yeye kukubali, wana haraka hao! "Dada," anasema Anaeli tena, anausogeza mkono karibu zaidi, na wake Elisifa nao unataka kuinuka, wenyewe tu, toka utotoni mkono umefundishwa hivyo, jani likija unapokea... lakini msamaha wa nini, mbona hajasema, isale huletwa na mtu aliyekosa, anasema nilikupiga, nilikuibia, nilikutukana mbele za watu, kwanza kosa ndipo jani, ndivyo bibi alivyofundisha, na Anaeli amekosa nini mpaka leo, hajamfukuza bado, hajang'oa hata mgomba mmoja... Kumbe. Kumbe anaomba msamaha wa kosa analotaka kwenda kulitenda, na wazee wote hawa, na mvi zao, wamelileta jani mbele ya kosa na hakuna hata mmoja aliyeona aibu. Inamuuma, anataka kucheka na inamuuma, maana alidhani ni sheria ya mjini inayogombana na mila ya kwao, naye katikati anapasuka, kumbe hata mila wameifanya ya kwao peke yao. "Elisifa, unatuweka, tunangoja," anasema baba mkubwa. Ndiyo, anawaweka. Jani liko palepale, mikono yake imetulia mapajani, hana furaha hata chembe, anajua atakwenda mahakamani Moshi kesho na huenda akashinda, na akishinda hakuna atakayepita tena kumwomba moto wala chumvi, na siku akifa wanaume wa ukoo hawatakuja kuchimba kaburi, Kindness atashika jembe mwenyewe, mtoto wa kike, achimbe peke yake mpaka mikono imtoke malengelenge, lakini atachimba hapa.